Gari Ikikufia Njiani Unguja au Pemba: Mwongozo Kamili wa Kujisaidia, Kuita Msaada na Kuchagua Mkataba

Kutoka Mjini hadi Nungwi ni karibu kilomita 60. Hadi Paje ni karibu 50. Kwa masafa mafupi kama hayo madereva wengi wa Unguja hawaoni haja ya kujipanga: gari ikifa, atapigiwa simu ndugu aje na kamba. Mchana wa Jumanne pale Mwanakwerekwe hesabu hiyo inakubali. Saa nne za usiku baina ya Kitogani na Paje, gari ni otomatiki, mvua inanyesha na abiria ana ndege ya alfajiri, haikubali hata kidogo. Kisiwa ni kidogo, lakini mafundi na gari za kuvutia wengi wamejikusanya Mjini, na kamba ya ndugu inaweza kuiua giaboksi iliyokuwa nzima.

Kabla ya kuuliza bei ya mkataba wowote wa msaada wa barabarani, pima matatizo yenyewe. Yana madaraja matatu.

Daraja la kwanza ni lile unalolimaliza kwa mikono yako: pancha, betri iliyolala, fyuzi iliyoungua, kuishiwa mafuta, kukwama mchangani. La pili linataka fundi aje na kifaa, lakini gari itaondoka kwa magurudumu yake: mkanda wa alteneta uliokatika, paipu ya maji iliyopasuka, koili iliyokufa, stata iliyogoma. La tatu halina ujanja, gari lazima ibebwe: injini iliyopanda joto hadi ikazima, injini iliyomeza maji, giaboksi iliyokataa, breki zilizopotea, mkono wa chini wa gurudumu uliovunjika, ajali.

Ukijifunza la kwanza na kuwa na namba za mafundi wawili kwa la pili, unachobaki kukinunua ni la tatu tu. Wengi hufanya kinyume. Wanalipia mkataba unaoahidi kubadilishiwa tairi na kuletewa mafuta, halafu siku giaboksi inapokufa Kizimkazi wanaambiwa kuvutwa kumewekewa mpaka wa kilomita 15.

Dakika tano za mwanzo

Gari ikianza kufa, usingoje isimame yenyewe juu ya lami. Mwendo uliobaki ndio wa kukutoa pembeni, kwa hiyo washa hazadi na uiteremshe upande wa kushoto mapema. Barabara nyingi za shamba zina ukingo mwembamba, na mahali pengine lami imekatika na chini yake ni mawe ya matumbawe. Teremka polepole, usije ukaongeza pancha juu ya tatizo ulilonalo.

Abiria washuke kwa milango ya kushoto na wasogee mbali na barabara. Wasisimame nyuma ya gari, hata kama ndipo penye kivuli. Pembetatu ya kuakisi mwanga iweke hatua 50 nyuma ukiwa mjini, na hatua 100 au zaidi nje ya mji. Ukisimama baada ya kona, pembetatu ikae kabla ya kona, la sivyo anayekuja ataiona pamoja na gari yako. Matawi ya miti kila dereva anayaelewa, na mchana yanasaidia, lakini usiku tawi halirudishi mwanga. Ukiondoka yaondoe, na zaidi ya matawi ondoa mawe uliyozuilia magurudumu. Jiwe lililosahauliwa barabarani linamngoja mwenye pikipiki.

Kukiwa na majeruhi, piga 112 kabla ya kumpigia fundi. Kukiwa na ajali bila majeruhi, piga picha za gari zote zilivyokaa, sahani za namba na alama za breki kabla chochote hakijasogezwa, kisha ita askari wa barabarani. Bima itakudai ripoti ya polisi, na ripoti ya kesho yake huzua maswali.

Halafu mahali. "Nipo njia ya Paje" haimsaidii dereva wa kerea, ile gari yenye kitanda cha kubebea gari nyingine. Mwambie kituo cha mwisho ulichopita, unaelekea wapi, msikiti au skuli iliyo karibu, na jina la shehia. Kama simu ina intaneti, tuma ramani ya ulipo kwa WhatsApp mara moja, kabla chaji haijakwisha. Usiku ukikulazimu kuiacha gari, muulize mtu wa karibu nyumba ya sheha au mjumbe wake, umwachie jina na namba yako. Gari inayojulikana ni ya nani haichezewi kama gari iliyotelekezwa.

Pancha

Nati zilegeze wakati tairi bado imekanyaga chini, robo mzunguko kila moja. Ukishainua gari, gurudumu litazunguka pamoja na spana, na nguvu utakayotumia inaweza kuiangusha jeki.

1. Vuta breki ya mkono, tia gia ya P au namba moja, zuia kwa jiwe gurudumu lililo mkabala wa kona na lile unalolibadilisha.
2. Jeki ikae kwenye alama yake chini ya ubavu wa gari, pale bati lilipokunjwa mara mbili. Penye mchanga au udongo wa mvua weka kwanza kipande cha ubao cha sentimita 30 kwa 30, unene wa sentimita 3 hivi. Bila ubao, jeki huzama na gari haipandi.
3. Inua hadi tairi iachane na ardhi kwa upana wa vidole vitatu. Tairi nzima ni nene kuliko iliyolala.
4. Tia tairi ya akiba, kaza nati kwa mkono, teremsha gari, kisha kaza kwa spana kwa kurukia: nati moja, halafu ya mkabala wake. Kwa gari ndogo kama IST au Vitz nguvu inayotakiwa ni karibu Nm 100, yaani mkono mmoja wenye nguvu kwenye spana ya kawaida. Usiikanyage kwa mguu, utaivunja skurubu.
5. Baada ya kilomita 20 hivi simama, uzikaze tena.

Tairi ya akiba ile nyembamba inataka upepo mwingi, psi 60, na mwendo usiozidi kilomita 80 kwa saa. Nyingi ziko chini ya nusu ya hapo kwa sababu hakuna aliyezitazama tangu gari iteremke melini. Gari yenye rimu za kisasa huwa na nati moja ya kufuli inayotaka kichwa chake maalumu. Kikipotea, hakuna fundi pancha wa njiani atakayeifungua bila kuiharibu, kwa hiyo leo hii hakikisha kimo garini.

Mawe ya matumbawe ya njia za ndani, hasa upande wa mashariki, hukata ubavu wa tairi badala ya kutoboa uso wake. Pancha ya uso inazibika, mkato wa ubavu hauzibiki, na anayekushauri ushonewe anakuuzia mpasuko wa baadaye ukiwa kwenye mwendo. Tazama pia umri. Tarakimu nne za mwisho za namba inayoanza na DOT ni wiki na mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi kuukuu zinazoletwa kwa meli huwa na kashata nzuri, yaani meno ya uso wa tairi, na mpira uliokauka. Kashata isikudanganye.

Betri

Joto huimaliza betri kuliko baridi. Kwenye hali yetu ya hewa, miaka miwili hadi mitatu ni umri wa kawaida. Upepo wa chumvi huongeza unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vyake, na unga huo unatosha kuifanya betri nzima ionekane imekufa. Kwa hiyo kabla ya kuomba busta, yaani kuwashiwa kwa waya kutoka betri ya gari nyingine, fungua vichwa ukianza na hasi, vimwagie maji ya moto, vikwangue, uvirudishe ukianza na chanya. Mara nyingi gari inawaka hapo hapo. Paka grisi kidogo juu yake.

Ukiwa na mita, betri nzima iliyopumzika husoma volti 12.6. Ikiwa 12.2 imebaki nusu. Chini ya 12.0 haina kitu. Gari ikiwa inaunguruma, masomo yawe baina ya 13.8 na 14.5. Yakiwa chini ya hapo, alteneta haichaji, na busta itakufikisha mtaa wa pili tu.

Busta ina mpangilio wake, na mpangilio huo ndio unaozuia cheche juu ya betri, kwa sababu betri hutoa gesi inayowaka:

1. Waya mwekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa.
2. Ncha yake ya pili kwenye chanya ya betri nzima.
3. Waya mweusi kwenye hasi ya betri nzima.
4. Ncha yake ya mwisho kwenye chuma kitupu cha injini ya gari iliyokufa, mbali na betri.

Washa gari nzima, isubiri dakika tano, kisha jaribu iliyokufa kwa sekunde zisizozidi kumi. Ikigoma, pumzisha stata dakika mbili. Ikiwaka, ondoa waya kwa kurudi nyuma hatua kwa hatua, na usiizime kwa nusu saa au zaidi. Kama inazima ukitoa waya, hilo ni daraja la pili. Mwite fundi umeme.

Otomatiki haisukumwi kuwaka. Huo ni mtindo wa gari za gia za mkono, na watu watano wenye nia njema hawatabadilisha jambo hilo.

Joto kupanda

Hapa ndipo dereva anapoiua gari yake mwenyewe kwa kusema "nitafika tu". Mshale ukivuka nusu, au taa nyekundu ya joto ikiwaka, una dakika chache. Zima eyakondishani, fungua hita hadi mwisho na madirisha yote, ondoa mguu kwenye mafuta na utafute pa kusimama. Hita huchukua joto la injini na kulileta ndani, utatoka jasho lakini silinda hedi itapona. Mshale usiporudi ndani ya dakika moja, zima injini.

Mfuniko wa rejeta usiuguse kwa nusu saa. Maji yaliyobanwa ndani yamepita nyuzi 100 bila kuchemka. Ukifungua yanachemka yote kwa pamoja, yanakurukia usoni na mikononi.

Ikipoa, tazama. Paipu iliyopasuka utaiona kwa unyevu. Feni isiyozunguka joto likipanda ni fyuzi, rilei au mota yake. Mafuta ya injini yaliyogeuka rangi ya chai ya maziwa yamechanganyika na maji, gasketi imekwenda: usiwashe tena, hilo ni daraja la tatu. Paipu ikiwa imechanika karibu na ncha yake, ikate kipande kilichoharibika, irudishe, ikaze klipu, jaza maji, na uende kwa mwendo mdogo hadi kwa fundi.

Maji gani? Visima vingi vya pwani ya mashariki vina maji ya chumvi chumvi. Kwa dharura ya kilomita kumi yatumie, kuliko kuunguza injini. Lakini siku hiyo hiyo rejeta imwagwe, isafishwe na itiwe kulanti, maji maalumu ya kupozea injini. Chumvi hula alumini na huacha ukoko unaoziba njia ndogo za rejeta, na rejeta iliyozibwa ndiyo inayokurudisha barabarani baada ya miezi miwili. Chupa mbili za maji matamu za lita moja na nusu ndani ya buti ni bima ya bei ndogo kuliko zote.

Maji ya masika

Kuanzia Machi hadi Mei barabara za mabondeni hujaa. Kipimo ni hiki: maji yakifika katikati ya gurudumu, rudi. Kwenye gari ndogo mdomo wa kuvutia hewa uko juu kidogo tu ya hapo, na wimbi la gari inayokuja mbele yako linatosha kuufikia.

Injini ikizima ndani ya maji, usiguse swichi ya kuwashia. Hewa hubanwa, maji hayabanwi. Pistoni ikiyagonga, kono lake hupinda na injini hupasuka ubavuni. Gari iliyozima majini na haikuwashwa tena mara nyingi hupona kwa kufungua pulagi, kutoa maji na kubadilisha mafuta. Iliyojaribiwa mara tatu haiponi, na kampuni ya bima ikigundua inaweza kusema uharibifu ni wako. Isukumeni nje, fungua kisanduku cha filta ya hewa. Filta ikiwa imelowa, ita kerea.

Mchanga na bamvua

Gari za kukodi zinazokwama ufukweni ni nyingi, na kila moja inashindana na saa. Maji yakianza kujaa hufika juu kabisa kwa takriban saa sita, na siku za bamvua, mwezi mchanga au mwezi mpevu, yanapanda hadi karibu mita nne kutoka yalipokuwa. Siku za maji mafu una nafasi zaidi, lakini usiitegemee.

Gurudumu likianza kuzungukia mahali pamoja, acha. Kila mzunguko unachimba. Punguza upepo wa tairi hadi psi 15 au 18, fukua mchanga kwenye magurudumu yote upande utakaotokea, na chini ya tumbo la gari, tandaza makuti, makumbi au mazulia ya ndani ya gari, na utoke polepole, usukani umenyooka, upande uliouingilia. Tairi zijazwe tena kabla ya kurudi kwenye lami. Kama maji yameshafika umbali wa hatua 30 na gari haijasogea, sahau fundi. Waite wavuvi, waombe kamba ya chombo na watu kumi, na mpatane malipo baadaye.

Mikataba mingi ya msaada na bima inakataa gari iliyokwama nje ya barabara rasmi. Ufukwe hauhesabiwi barabara.

Kuvutwa bila kuuliwa

Sehemu hii isome mara mbili, kwa sababu hasara kubwa hutokea hapa, na hutokea kwa nia njema.

Giaboksi ya otomatiki hulainishwa na pampu inayozungushwa na injini. Injini ikizima, pampu imelala. Ukiivuta gari magurudumu yanayoendeshwa na injini yakiwa chini, vyuma vya ndani vinazunguka vikiwa vikavu na kuungua. Kwa hiyo:

Otomatiki inayoendeshwa na magurudumu ya mbele, kama IST, Vitz na Noah nyingi, ivutwe ikiwa imenyanyuliwa mbele, au ibebwe na kerea. Inayoendeshwa na ya nyuma inyanyuliwe nyuma, au kerea. Inayoendeshwa na magurudumu manne, ikiwemo RAV4 nyingi na Noah zenye 4WD, magurudumu yote manne yawe juu. Kerea tu. Gari ya haibridi kama Aqua au Prius haivutwi magurudumu ya mbele yakiwa chini, maana mota zake hugeuka kuwa jenereta na kuzalisha umeme ndani ya mfumo ulioharibika. Gari ya gia za mkono ndiyo inayostahimili kamba, gia ikiwa huru.

Lori la kuvutia, wanaloliita bredauni, lina mkono wa kunyanyulia upande mmoja. Kerea ina kitanda bapa. Unapopiga simu taja aina ya gari, giaboksi na magurudumu yanayoendeshwa, vinginevyo watakutumia kilichopo karibu. Atakayekuja na kamba kwa ajili ya RAV4 ya otomatiki mshukuru kwa kuja, na umkatalie.

Kamba ikiwa ndiyo njia sahihi, iwe ya mita nne hadi tano, ifungwe kwenye pete ya kuvutia. Gari nyingi za Japani pete yake imo kwenye mfuko wa spana, na hukazwa nyuma ya kifuniko kidogo cha bampa. Usifunge kwenye mkono wa sukani wala stabilaiza. Swichi iwe imefunguliwa ili sukani isijifunge. Kumbuka kwamba injini ikiwa imezima breki hulainika kwa mikanyago miwili au mitatu tu, baada ya hapo zinakuwa ngumu kama jiwe. Mwendo usizidi kilomita 30 kwa saa, hazadi ziwake kwenye gari zote mbili, na watoto wasikae kwenye gari inayovutwa.

Mkataba: unanunua nini hasa?

Bima ndogo hulipa madhara uliyomfanyia mwenzako. Haileti mtu njiani. Bima kubwa hulipa gari yako ikipata ajali, na kwa kawaida hulipa gharama ya kuiondoa kwenye ajali hadi kiasi kilichoandikwa. Gari iliyokufa yenyewe, bila ajali, haimo, isipokuwa kiambatanisho cha msaada kimeongezwa na kulipiwa. Iwe ni Shirika la Bima la Zanzibar au kampuni nyingine, omba uoneshwe ukurasa wenye kiambatanisho hicho, na uhakikishe bima yenyewe inaonekana kwenye mfumo wa mamlaka ya usimamizi wa bima, TIRA. Neno la wakala peke yake halitoshi.

Njia ya pili ni makubaliano na gereji: unalipa kwa mwaka au kwa mwezi, wao wanakuja. Inafaa sana visiwani, kwa sharti kwamba gereji ina gari yake ya kuvutia. Kama nayo inaazima, umelipia foleni. Ya tatu ni ya madereva wenyewe: kumi au kumi na tano wa kituo kimoja wanachangia mfuko kila wiki, na gari ya mmoja ikifa mfuko unalipa kerea. Hiyo ni nzuri kuliko inavyodhaniwa, ilimradi sheria zake ziandikwe na pesa zikae kwa watu wawili.

Anayekodi gari asiulize bei kabla ya kuuliza hili: ikifa Nungwi usiku, nani analipa kuvutwa, na nitapata gari nyingine baada ya saa ngapi?

Maswali ya kumuuliza muuzaji, na majibu yawe kwa maandishi:

Kilomita zinahesabiwa kutoka wapi? Hili ndilo linalowaumiza watu. Mpaka wa kilomita 25 kutoka Mjini unaishia karibu na Mahonda. Jozani haimo, Paje haimo, Nungwi haimo. Na kama wanahesabu kutoka yadi yao hadi kwako na kurudi, Nungwi si 60 tena, ni 120. Kwa Unguja usichukue chini ya kilomita 70 za kuvutwa, au mkataba usio na mpaka ndani ya kisiwa.

Mnatumia bredauni au kerea, na kerea ni yenu? Gari ya magurudumu manne kwenye mkataba wa bredauni haina mkataba.

Saa ngapi mnapokea simu? Uliza usiku, uliza Ijumaa mchana wakati wa sala, uliza Ramadhani inapokaribia saa ya futari, uliza Idi. Hakuna ubaya mtu kwenda kuswali au kufuturu, ubaya ni kuahidiwa dakika 45 saa hiyo hiyo.

Mara ngapi kwa mwaka, na kila mara hadi shilingi ngapi? Mkataba unafuata gari au unamfuata mtu? Gari ya biashara inakubaliwa? Teksi na gari za wageni mara nyingi zinaondolewa kwa maandishi madogo. Gari ya umri gani inakataliwa? Unaanza kufanya kazi leo au baada ya siku 14? Kazi ya fundi njiani imo, na vipuri je?

Sasa hesabu. Uliza kerea bei ya kutoka mahali pa mbali kabisa unapokwenda mara kwa mara. Tuseme, kwa mfano tu, umetajiwa shilingi 150,000, na mkataba ni shilingi 180,000 kwa mwaka. Tazama miaka mitatu iliyopita: matatizo ya daraja la tatu yalikuwa mangapi? Kama ni moja, ungelipa 540,000 kuokoa 150,000. Ziweke pesa hizo kwenye akaunti ya simu isiyoguswa, na bado utabaki na za betri mpya. Kama ni manne, mkataba umejilipa. Dereva wa Fuoni, Kisauni na Mjini kwa kawaida haufikii mpaka huo. Anayepeleka wageni Nungwi na Paje kila siku anaufikia, na kwake gari mbadala ni muhimu kuliko kuvutwa, kwa sababu mgeni aliyekosa ndege hudai zaidi ya bei ya kerea. Mwalimu au muuguzi anayelala Mjini na kufanya kazi Makunduchi au Mkokotoni, mwenye gari ya miaka kumi na tano, naye tunamshauri anunue.

Pemba

Usikubali neno "Zanzibar" kwenye mkataba bila kuuliza kama maana yake ni Unguja peke yake. Gari ya kuvutia iliyoko Mjini haivuki bahari kwa ajili yako. Mkataba wa Pemba uwe na jina la gereji iliyoko Chake Chake, Wete au Mkoani na namba inayopokelewa huko huko. Ukikosa, patana mapema na mwenye lori lenye njia ya kupakilia gari, mkubaliane bei ya Konde, ya Kigomasha na ya Mkoani kabla ya shida, kwa sababu bei ya kwenye shida haipatanwi.

Pemba ni vilima, na hilo hubadilisha orodha ya magonjwa. Kushuka ukiwa umekanyaga breki mfululizo hupasha mafuta ya breki hadi yakachemka, na kanyagio likazama bila kushika. Shuka kwa gia ndogo, L au 2 kwenye otomatiki, na mafuta ya breki yabadilishwe kila miaka miwili, kwani hunyonya unyevu na hewa yetu ina unyevu mwingi. Kanyagio likizama, likanyage na kuliachia haraka haraka, vuta breki ya mkono taratibu na uegemee upande wa kilima. Baada ya hapo gari isiendeshwe hata breki zikirudi. Kipuri kisichokuwepo kisiwani kinakuja na meli, kwa hiyo mkanda wa feni, paipu ya juu ya rejeta, fyuzi za kila namba na koili moja vikae kwenye buti wakati wote.

Kabla ya kulipa

Piga namba ya msaada saa tano usiku, siku yoyote, ukiwa huna shida. Sema una RAV4 ya otomatiki ya magurudumu manne na unauliza kerea itachukua muda gani kufika mahali unapopita zaidi, Bwejuu au Kiwengwa au popote. Asiyepokea umeshamjua. Anayepokea bila kuuliza giaboksi yako ni ya aina gani, muulize dereva wa kerea ni nani na yuko wapi sasa hivi. Jibu likikuridhisha, lipia kwa risiti yenye namba ya gari, andika namba hiyo ya simu kwa kalamu ya wino kwenye karatasi, na uibandike nyuma ya kinga ya jua upande wa dereva. Simu ikizima chaji, utaikuta pale.